Mambo ya Nyumbani: Mkate Uliolala Usitupwe

Ukurasa huu ni wa habari za jiko na akiba ya nyumba. Mwezi huu twataka kuwachukua mbali kidogo, hata nchi ya Meksiko, tukaone jinsi akina mama wa huko wanavyoutumia mkate wa jana.

Chakula kikuu cha nchi ile ni mahindi, na asili ya mahindi ni huko. Hata haya tuyapandayo sisi Afrika yalivuka bahari baada ya mwaka 1492. Lakini wao hawasongi ugali. Huyachemsha mahindi katika maji yaliyotiwa chokaa, huyaacha usiku kucha, huyaosha hata maganda yatoke, kisha huyasaga yangali na maji. Donge lile hufanywa mkate mwembamba wa mviringo, mfano wa chapati, ukaokwa juu ya kigae cha moto. Huitwa tortilla. Zamani kusaga kulikuwa kazi ya mwanamke aliyepiga magoti mbele ya jiwe, saa nyingi kila siku. Basi atupaye mkate ule hakutupa unga tu; ametupa na kuni, na maji, na magoti ya mama.

Tortilla ikilala hukauka, na ikikunjwa huvunjika. Asiyejua husema imeharibika. Sivyo. Ugumu si uozo. Tena ukavu una faida, maana kipande kikavu hunywa mafuta machache kuliko kilicho laini, wala hakivurugiki upesi kikitiwa mchuzini.

Chakula chao mashuhuri cha mkate uliolala huitwa chilaquiles, jina lililotoka katika Kinahuatl, lugha ya kale ya nchi. Hupikwa hivi. Twaa tortilla 8 za jana, ukate kila moja vipande 6, uvitandaze juu ya ungo vikauke. Vikaange kidogo kidogo katika mafuta ya moto mpaka vigeuke rangi ya dhahabu, kisha uvitoe vichuje. Chemsha nyanya 4 na pilipili 2, uziponde pamoja na kitunguu, kitunguu saumu na chumvi, ukaange mchuzi huo hata uwe mzito. Watu wakiisha kuketi, ndipo utie vipande mchuzini, ugeuze mara mbili tatu, na kupakua. Usikawie, maana vikikaa sana hulainika kama uji. Juu yake hutiwa jibini, au yai, au nyama ya kuku iliyosalia.

Tortilla nyingine hukatwa nyuzi nyembamba, zikakaangwa na kutiwa katika supu ya nyanya. Nyingine hukaushwa nzima, zikapakwa maharagwe yaliyopondwa. Hizo huitwa tostada.

Lakini angalieni sana: kikavu ni akiba, chenye ukungu ni hatari. Moto wa kikaango hauondoi sumu ya ukungu. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yaliyowekwa yangali na unyevu yaliota ukungu wenye sumu. Watu 317 waliugua, na 125 katika hao wakafa. Basi mwenye kuweka akiba na aanike mapema, siku ile ile, asingoje mpaka harufu imwambie. Kilichoota ukungu kisiliwe, wala kisipewe kuku.

Jambo hili si dogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilieleza mwaka 2024 ya kuwa katika mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilikuwa tani milioni 1,050, na sehemu 60 katika kila 100 zilitoka majumbani, si madukani wala hotelini.

Sisi nasi tuna kiporo chetu. Chapati ya jana hukatwa nyuzi ikakaangwa na kitunguu na nyanya. Ugali uliolala hukatwa vipande, ukakaangwa hata ushike ganda, ukaliwa kwa chai asubuhi. Akina baba nao wasidhani habari hii si yao. Baba akikisukuma kiporo mbele ya watoto, watoto nao watakisukuma, na kazi yote ya mama itakuwa bure. Akikila kwa shukrani, nyumba nzima imejifunza.

Basi, mama mpendwa, kabla ya kulala leo tazama chunguni. Kilichosalia kifunike au ukianike, nawe kesho utaamka una nusu ya chakula tayari.