Hawezi, au hajaruhusiwa?

Kuna kitenzi kimoja ambacho, kwa maoni yangu, hudanganya watu kuliko vingine vyote katika lugha yetu: "hawezi". Mfano nitakaoutoa hautoki katika kitabu cha sarufi. Unatoka uwanjani, katika maisha ya Yelena Isinbayeva wa Urusi, mwanamke aliyevunja rekodi ya dunia ya kuruka kwa upondo mara 28, akihesabiwa viwanja vya nje na vya ndani.

Wengi wetu huuita mchezo huu kwa jina la Kifaransa, kwa kuwa matangazo yake tunayasikia kwa Kifaransa. Kiswahili sanifu kinasema upondo, yaani ule mti mrefu ambao mwenye mtumbwi huusukumiza chini, mahali penye maji ya kina kifupi, ili chombo kiende. Mrukaji naye hukimbia, huchomeka upondo chini, upondo unapinda, kisha unajinyoosha na kumrusha juu ya ufito. Wote wawili hutafuta nguvu chini ili waende wanakotaka.

Wanaume waliruka kwa upondo tangu Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens, mwaka 1896. Wanawake walingoja hadi Sydney, mwaka 2000. Ni miaka 104. Sababu iliyozoeleka ilikuwa kwamba mwanamke hawezi, kwamba mabega na mikono yake haina nguvu za kutosha. Wasemaji wa pwani hutumia neno hilo hilo kwa mgonjwa: "fulani hawezi" maana yake anaumwa. Basi kwa zaidi ya karne moja nusu ya wanadamu walihesabiwa wagonjwa bila kupimwa.

Tuangalie yaliyotokea mlango ulipofunguliwa. Sydney, Stacy Dragila wa Marekani alishinda kwa mita 4.60. Katika mashindano hayo hayo alikuwapo msichana wa miaka 18 kutoka Volgograd ambaye hakufika hata fainali. Ndiye Isinbayeva. Alikuwa amefanya jimnastiki tangu utotoni, akaiacha akiwa na miaka 15 kwa sababu alikuwa mrefu mno. Huko nako aliambiwa kwamba mwili wake haufai. Mwaka 1998, chini ya kocha Yevgeny Trofimov, alishinda Michezo ya Vijana ya Dunia mjini Moscow kwa mita 4.00.

Mwaka 2003 aliweka rekodi yake ya kwanza ya dunia, mita 4.82. Mwaka 2004 alitwaa dhahabu ya Olimpiki huko Athens kwa 4.91. Julai 2005, mjini London, akawa mwanamke wa kwanza kuruka mita 5. Beijing 2008, dhahabu nyingine, mita 5.05. Mwaka 2009 alishindwa vibaya katika mashindano ya dunia ya Berlin, hakuvuka ufito hata mara moja. Siku 11 baadaye, mjini Zürich, aliruka mita 5.06, na rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Kutoka 4.82 hadi 5.06 ni sentimita 24, alizozipanda kidogo kidogo kwa miaka sita.

Hapa sarufi yetu inatusaidia. Kiswahili kinatofautisha "haruki", "hakuruka" na "hajaruka". Ya kwanza inafunga mlango, ya pili inaeleza jambo lililopita, lakini ya tatu, kwa kile kiambishi "-ja-", inatuambia kwamba tendo bado linangojewa. Kabla ya mwaka 2005 ilikuwa sahihi kusema kwamba hakuna mwanamke aliyeruka mita 5. Kosa lilikuwa kuliweka "haruki" mahali pa "hajaruka", na kuliita "hawezi" jambo ambalo jina lake la kweli lilikuwa "haruhusiwi".

Mtu atanipinga kwamba mwili una mipaka. Ni kweli. Sergey Bubka alivuka mita 6.14 mwaka 1994, na hakuna mwanamke aliyekaribia hapo. Lakini mpaka huo tunaujua kwa kuwa watu wamejaribu, wakafundishwa, wakapimwa. "Hawezi" ya namna hiyo ninaikubali. Ninayoikataa ni ile inayotangulia jaribio.

Mwisho wa maisha yake ya michezo unafundisha zaidi. Juni 2016 aliruka mita 4.90 katika mashindano ya taifa lake. Dhahabu ya Rio ilipatikana miezi miwili baadaye kwa 4.85, naye hakuwapo. Shirikisho la riadha la Urusi lilikuwa limefungiwa kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Tunaweza kubishana kama adhabu hiyo ilimstahili. Angalau ilijiita kwa jina lake: hukuruhusiwa, na sababu ni hii. Kwa hiyo yeye na wenzake waliweza kuipinga mbele ya mahakama ya michezo, wakasikilizwa, wakashindwa. Marufuku iliyotajwa waziwazi hujibiwa kwa hoja. Marufuku iliyovaa nguo za "hawezi" haina mahakama, na anayefungiwa huishia kuiamini.

Sisi wa lugha za Kiafrika twapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Ni mara ngapi tunasikia, hata kutoka kwetu wenyewe, kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba utafiti, kwamba hakina istilahi? Katiba ya 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu huandika tasnifu za isimu kwa Kiswahili na kuzitetea kwa Kiswahili. Kwetu tunachambua fonolojia ya lugha za Kibantu, kisha tunaandika na kutetea kwa Kifaransa. Istilahi zitakosekana, bila shaka, kama vile mita 5 zilivyokosekana mwaka 2000. Huzaliwa kazini.

Sidai Kifaransa kiondolewe. Ninaomba idara ya lugha za Kiafrika iruhusu kazi chache za kumaliza masomo ziandikwe na kutetewa kwa Kiswahili, mbele ya jopo lenye masharti yale yale, bila huruma. Zikianguka, tutajua ufito uko wapi. Na kama jibu ni hapana, liandikwe kwa kitenzi chake halisi, "hamruhusiwi", pamoja na sababu zake, nasi tutazijibu.