Goma, Bukavu: Mipangilio ya rezo isibaki ndani ya kichwa cha fundi mmoja

Radi inapopiga mnara, ao umeme unaporudi kwa nguvu kupita kawaida, ruta inaweza kuungua kwa sekunde moja. Kupata nyingine Goma ao Bukavu si kazi ngumu sana. Mara nyingi kinachochelewesha hospitali, radio ao chuo kikuu kurudi kwenye intaneti ni mipangilio ya ruta hiyo, ambayo mafundi wanaiita konfigirasyo: anwani, njia za kupitisha data, maneno ya siri, sheria za nani aingie na nani azuiwe. Inaweza kufikia mamia ya mistari. Bila nakala, fundi anaanza upya kwa kukumbuka.

Kuna hatari nyingine. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoingia Goma, umeme na maji vilikatika, na watu wengi walihama. Fundi akihama na kompyuta yake, na nakala zote zimo ndani, ofisi inabaki na vyombo ambavyo hakuna anayejua vilivyopangwa.

Makosa ya mtu nayo yapo. Tarehe 4 mwezi wa kumi 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba chanzo kilikuwa mabadiliko ya mipangilio kwenye ruta zake kubwa. Kwa ofisi ndogo, nakala ya jana ikiwekwa kando ya ile ya leo, mstari uliobadilika unaonekana mara moja.

Programu zinazochukua nakala hizo zenyewe zipo, na mbili zinazojulikana sana ni za bure. RANCID ilianza miaka ya 1990: inaingia kwenye kila chombo kwa saa iliyopangwa, inasoma mipangilio, na ikiona tofauti inatuma barua pepe. Oxidized ilikuja baadaye kuchukua nafasi yake. Inatambua aina zaidi ya mia moja za vyombo na inaweza kuhifadhi historia yote kwa Git. Zote mbili kwa kawaida zinawekwa kwenye seva ya Linux, na zinahitaji mtu anayeielewa. Programu za kulipia, kama Unimus, ni rahisi kutumia, lakini bei inafuata idadi ya vyombo.

Kwa mashariki mwa Kongo, swali la kwanza ni kama programu inafanya kazi wakati intaneti imekatika. RANCID na Oxidized zinaweza kukaa kwenye seva ndogo ndani ya ofisi, juu ya batri. Swali la pili ni kama inaelewa vyombo vilivyopo. Swali la tatu: mtu wa pili anaweza kuiendesha?

Vyombo vya MikroTik, ambavyo watoa huduma wadogo wanavipenda kwa sababu ya bei, vinahitaji uangalifu. Faili ya .backup inafaa kurudishwa kwenye chombo kile kile. Amri ya export inatoa maandishi yanayoweza kurekebishwa kwa ajili ya chombo kingine, lakini haichukui maneno ya siri ya watumiaji wala vyeti vya usalama. Anayeweka aina moja tu ataona pengo siku chombo kimeungua. Ofisi yenye ruta mbili inaweza hata kuacha seva, na kupanga ruta yenyewe itume nakala kila usiku.

Usalama ndio mtego mkubwa. Ili kuingia kwenye vyombo, RANCID inasoma maneno ya siri kwenye faili ya maandishi ya kawaida. Anayeiba seva hiyo ameiba funguo za rezo nzima. Ni vizuri programu ipewe ruhusa ya kusoma tu, na nakala ya pili, iliyofungwa kwa siri, ikae mji mwingine. Sheria ya kidijitali ya Kongo, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, nayo inagusa ulinzi wa data na usalama wa mifumo.

Jina la programu halitoshi kuamua. Kipimo ni hiki: fundi mkuu akiwa hayupo, mwenzake achukue ruta tupu na nakala ya jana usiku, kisha ajaribu kurudisha rezo. Akishindwa, ofisi hiyo bado haina nakala, hata kama seva imejaa faili.