Shimo Moja kwa Siku
Mkulima atazamaye mteremko mtupu huko Manyovu, wilayani Buhigwe, akatamani shamba la kahawa ya arabika ilhali mkononi hana ila jembe, huingiwa na hofu. Nami namsihi, kwa mapenzi ya dhati, asihesabu miche elfu, bali achimbe leo shimo moja, sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, udongo wa juu auweke kando upate kuchanganywa na samadi, na kesho alfajiri, umande ungali majanini, achimbe la pili. Wako wamshaurio angoje kwanza fedha za vibarua. Sikubaliani nao hata kidogo. Mbuni wenyewe, tangu kupandwa, hukaa takriban miaka 3 kabla ya kuzaa, basi kungoja fedha ni kuzidi kuyachelewesha mavuno. Mvua zikishika Novemba, mashimo 30 yaliyo tayari yatapokea miche 30.