Nani anakupigia hesabu ya umaskini wako?

NDUGU msomaji, toa noti ya elfu mbili mfukoni, kama unayo, uitazame vizuri. Kwa mujibu wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mtu mzima wa Tanzania Bara aliyetumia zaidi ya shilingi 49,320 kwa mwezi hakuhesabiwa kuwa maskini. Gawanya kwa siku thelathini, unapata shilingi 1,644. Maana yake, mwaka ule, wewe kijana wa Mabatini uliyekunywa chai kwa chapati mbili, ukala ugali maharage mchana na kupanda daladala kwenda Buhongwa na kurudi, uliuvuka mstari wa umaskini kabla jua halijazama. Hongera sana.

Najua umecheka. Hata kijiweni kwetu walicheka, fundi viatu akaacha sindano ikining'inia kwenye soli. Lakini kicheko kilipokwisha mmoja akauliza: huo mstari uliwekwaje? Nani aliamua uwe 49,320 na usiwe elfu themanini? Kimya. Tulikuwa watu kumi na mmoja pale, saba tuna vyeti vya kidato cha nne, na hakuna aliyejua. Tukarudi kwenye Simba na Yanga.

Hapo ndipo penye kasheshe. Sisi vijana wa mjini tunahesabiwa, tunapimwa, tunawekwa kwenye mafungu ya wenye kazi na wasio na kazi, halafu tunasomewa majibu jukwaani kama watoto wanaosomewa ripoti ya shule. Tukipendezwa tunapiga makofi. Tukichukia tunazomea. Kukagua hatukagui, kwa sababu tumejiaminisha kwamba takwimu ni kazi ya wenye tai. Nasema huo ni uvivu, na siku hizi hauna tena kisingizio cha ada.

Mimi mwenyewe sitoki mbali. Naandika magazetini kwa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyotoka, na elimu yangu iliishia sekondari. Niliwahi kuandika kwamba umaskini nchini umepungua kwa asilimia 1.8, kwa kuwa ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12 ukafika 26.4 mwaka 2017/18. Toa, inabaki 1.8. Nikalala usingizi mnono. Asubuhi kijana mmoja wa chuo akanipigia: "Kaka, umeandika pumba." Akanieleza kwamba hizo ni pointi 1.8, ukitaka kujua umepungua kwa asilimia ngapi, gawanya 1.8 kwa 28.2, unapata kama 6.4. Nilimkatia simu kwa hasira. Halafu nikafungua kikokotoo, nikakuta yeye ndiye mkweli. Nilichoumia ni kwamba kosa lile lilitoka gazetini, likasomwa na watu wazima, na hakuna mwingine hata mmoja aliyeliona.

Sasa tazama wanasiasa wanavyotuchezea hapo hapo. Mtu wa chama tawala akipanda jukwaani Furahisha akasema umaskini ulipungua kati ya miaka hiyo, hajadanganya. Asilimia ilishuka. Wa upinzani akipanda kesho yake akasema maskini waliongezeka, naye hajadanganya: Benki ya Dunia mwaka 2019 ilieleza kwamba idadi yao ilitoka milioni 12.3 ikafika milioni 14. Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wamekuficha nusu. Watu walikuwa wakiongezeka upesi kuliko asilimia ilivyokuwa ikishuka. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Na hapa wenzangu wa upinzani wasininunie. Kiini macho ni kiini macho hata kikifanywa na mtu unayempenda.

Mnakumbuka pia mwaka 2018. Bunge lilibadili Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa ni kosa la jinai kutoa hadharani takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi, na adhabu yake faini, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Benki ya Dunia ikatoa kauli ya wasiwasi, wanaharakati wakapiga kelele, na mwaka 2019 adhabu ile ikaondolewa. Woga ulibaki. Hadi leo ukiwaambia vijana kwamba mtu wa kawaida anaruhusiwa kukusanya takwimu zake na kuzichapisha, wanakuangalia kama uliyewaita kwenye magendo. Lakini jiulize, ndugu yangu: kwa nini ilitungwa sheria ile? Mtu hafungi kufuli chumba kitupu.

Kufuli limetoka, basi tuingie. Masomo yenyewe yapo, na ni ya bure. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti, asome anayetaka bila kulipa senti, na mpaka leo yapo. Joshua Angrist, profesa wa chuo hicho aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021 pamoja na David Card na Guido Imbens, anafundisha ekonometriki katika video za bure za Marginal Revolution University. Ekonometriki, kwa asiyelijua neno hili, ni takwimu za wachumi: ufundi wa kutumia data kupima ni jambo gani limesababisha jambo gani, na kwa kiasi gani.

Ushauri wangu: usianzie huko. Mimi nilianzia huko nikaambulia maumivu ya kichwa wiki mbili. Anzia Khan Academy, ukumbuke sehemu, wastani na uwezekano ulivyofundishwa ukiwa unasinzia dawati la nyuma. Kisha kitabu kiitwacho OpenIntro Statistics, ambacho wenyewe wamekiweka kipakuliwe bure. Ukishaelewa sampuli ni nini na kwa nini majibu yake yana kiasi fulani cha kukosea, ndipo umfuate Ben Lambert kwenye YouTube, anayeeleza ekonometriki kwa video fupi fupi, hatua kwa hatua. Programu za kupigia hesabu nazo ni za bure. Ipo R, iliyobuniwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ipo gretl ya Allin Cottrell, nyepesi zaidi, ambayo hata kompyuta kuukuu ya mtumba inaibeba.

Sikudanganyi kwamba bure hii ni bure kweli. Video zinakula bando. Programu zinataka kompyuta, wakati wengi wetu tuna simu yenye kioo kilichopasuka. Lugha ni Kiingereza, tena cha darasani, na wapo wasomi wetu kule Malimbe na Mlimani wanaoweza kuyaeleza mambo haya kwa Kiswahili kitamu, ila sauti zao zinaishia kwenye kumbi za mihadhara. Wangerekodi nusu saa kwa wiki wangetutendea makubwa. Tena bure hii imening'inia kwenye waya wa mtu mwingine: mtandao ulipozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, somo nililokuwa nalo lilikatika katikati ya sentensi, likakaa hivyo kwa siku kadhaa. Tangu hapo napakua kila kitu. Kitabu kilichomo kwenye simu yako na R iliyomo kwenye kompyuta havimuombi mtu ruhusa. Na cheti hupati, au ukitaka unalipia. Mwajiri anayetaka karatasi hutamshawishi kwa video ulizotazama. Ninachokuahidi ni kingine.

Chukua lile swali la kijiweni. Mstari wa 49,320 niliutafuta, nikausoma, nikauelewa. Wanachukua chakula kinachomtosha mtu mzima kalori 2,200 kwa siku, wanakipigia bei, wanapata shilingi 33,748 kwa mwezi. Halafu wanaongeza mahitaji mengine. Toa, inabaki 15,572. Hiyo ndiyo kodi ya chumba, nguo, nauli, sabuni, dawa, na kumchangia jirani aliyefiwa, vyote kwa mwezi mzima. Niliporudi kijiweni na hesabu hiyo hakuna aliyecheka. Walianza kubishana kama kalori 2,200 zinamtosha kuli wa bandarini, na ubishi ule ulikuwa na akili kuliko mikutano mingi niliyohudhuria kwa ajili ya habari.

Wako wanaodhani mambo haya ni ya Ulaya. Basi sikia. Kuanzia 1991 hadi 1994 watafiti walizihoji mara kwa mara kaya 915 za Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2004, na tena 2010, wakawatafuta watu wale wale popote walipohamia. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon wakalinganisha ndugu waliotoka nyumba moja, aliyebaki na aliyeondoka, wakaona matumizi ya aliyeondoka yalikua zaidi kwa pointi 36 za asilimia. Ni habari ya kina sisi, tulioletwa Mwanza na wazazi waliopanda meli Bukoba. Data zile zinapatikana bure. Wageni wamezipatia sifa na vyeo. Wewe ambaye baba yako huenda ni namba mojawapo humo hujawahi kuzifungua.

Au mchukue Edward Miguel wa California, aliyechapisha mwaka 2005 utafiti wa Meatu, Usukumani, kuhusu mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi. Aligundua kwamba mwaka wa ukame au mafuriko mauaji hayo huwa karibu mara mbili, wakati mauaji ya aina nyingine hayabadiliki hivyo. Sisi tuliozaliwa huku tulizoea kusikia habari za macho mekundu. Ilibidi data za mvua zituambie kwamba njaa nayo ilikuwa na mkono wake.

Mimi nimeanza na kilicho karibu. Angrist na Imbens, pamoja na Kathryn Graddy, waliwahi kutumia data za soko la samaki la Fulton, New York, kupima wanunuzi wanapunguza kiasi gani bei ikipanda. Ugumu ni kwamba bei na kiasi kinachouzwa vinasukumana, hujui kipi kimeanza. Wao wakatumia dhoruba: bahari ikichafuka samaki hupungua na bei hupanda, bila mnunuzi kuwa na mkono wowote. Nikajiuliza, sisi Mwaloni Kirumba dhoruba yetu ni ipi? Jibu lilikuwa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Mwezi haumjui mnunuzi wala muuzaji. Nikajiona nimekaribia Nobel.

Nikamweleza mama mmoja anayeuza dagaa pale. Akanisikiliza huku anapepeta, akasema: "Mwanangu, hao ni dagaa wakavu. Mwenye stoo anaweka hata miezi. Mwezi wako utamtisha nani? Andika mvua, maana mvua ikinyesha dagaa hawakauki, wanaoza." Kwa maneno hayo aliipasua hoja yangu kuliko profesa yeyote ambaye angeisoma.

Kwa hiyo sasa daftari langu lina safu nne: tarehe, bei ya debe, mwezi ulivyo, na kama mvua imenyesha. Nimefikisha siku 41. Hazitoshi, na siku nyingine nachelewa kufika nakuta bei ya alfajiri imeshabadilika. Nahitaji mtu wa Igombe wa kuandika bei ya mwaloni kule saa ile ile, na mwingine mwenye kompyuta inayowaka. Napatikana Kirumba kila siku saa kumi na mbili asubuhi, upande wa wanaoanika. Kalamu uje na yako.