Waacheni Wageni na Kanisa Lao, Ila Tupeni Dakika Tano (Sehemu ya 6)

Leo nasema wazi, atakayekasirika akasirike.

Kuna maneno yanazunguka kwamba wageni wakihamia mahali wanajenga kikanisa chao cha mabati pembeni ya mji, au msikiti wao mdogo, wanakutana kwa lugha yao, ati ni ukabila. Jamani! Sisi Wasukuma tungekuwa wa mwisho kusema hivyo. Ndugu zetu wamehama na ng'ombe wao miaka na miaka: wako Usangu, wako Rukwa na Katavi, wako bonde la Kilombero. Ukifika usikojua mtu, nani anakuonyesha maji yako wapi? Nani anakushikia mtoto ukiumwa? Ni yule uliyekaa naye benchi moja kwenye ibada.

Kwa mama aliyehamia juzi, mbali na mama yake mzazi na mawifi, pale ndipo ukoo wake ulipo. Kwa hiyo linalosemwa pale ndilo atakalofanya. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Angalia Minnesota, Marekani. Wasomali wengi wamehamia huko na misikiti ndiyo inayowakutanisha. Uvumi ukaingia kwamba chanjo ya surua inaleta usonji. Ni uongo, utafiti mwingi umeshaukataa. Lakini watoto wa Kisomali waliochanjwa wakashuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi 42 mwaka 2014. Mwaka 2017 surua ikalipuka, wakaugua watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa. Watu wa afya walifanya nini? Walikwenda kwa maimamu, wakaomba wawasemeshe wazazi.

Sasa mnaosema "kanisani ni sala tu, mambo ya kliniki yabaki kliniki", niambieni: uvumi nao unasubiri kliniki? Uvumi unapita pale pale nje ya kanisa, baada ya ibada, mama kwa mama. Kama uongo umeruhusiwa kuingia, mnaufungia ukweli mlango kwa nini?

Wachungaji, mapadre, mashehe: tupeni dakika tano kwenye matangazo. Nesi asimame aseme: chanjo mtoto akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua miezi 9 na tena miezi 18. Ni bure. Umehama katikati? Nenda na kadi kituo chochote cha serikali kilicho karibu, utaendelea pale ulipoishia, huanzi upya. Kadi imepotea? Nenda hivyo hivyo.

Na hili nalisema kwa heshima zote: mjamzito akitoka damu, kichwa kikimuuma sana na macho kuona ukungu, mtoto akiacha kucheza tumboni, au chupa ikivunjika, msimlaze kanisani mkesha mzima. Muombeeni akiwa njiani kwenda hospitali. Mungu anasikia hata kwenye bodaboda.

Msiseme wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii wapo, inatosha. Mhudumu anapita nyumba kwa nyumba, na mgeni aliyepanga chumba jana hajaandikwa popote. Kwenye ibada Jumapili au Ijumaa utamkuta.

Wewe mama mwenyeji, usimuachie nesi peke yake. Wiki hii mtafute mama mmoja mgeni kwenye ibada yenu. Msalimie, muulize mtoto ana miezi mingapi, mwambie siku ya kliniki, na siku hiyo mpitie muende wote. Hajui njia, na pengine anaogopa kufokewa kwa sababu Kiswahili chake hakijanyooka. Ukiwa pembeni yake haogopi.

Tuma hii kwenye kundi la kwaya na la akina mama wa msikitini. Sehemu ya 7 nitazungumzia homa kwa mtoto mchanga.