Popo na Maradhi: Tusifanye Pupa

Wanachama wenzetu, tangu zilipotufikia habari za maradhi ya Marburg katika Mkoa wa Kagera, mwaka 2023 na tena mwaka 2025, tumekuwa tukiulizwa jambo moja huko mashambani: kwa nini Jumuiya haitafuti bunduki ikawamaliza popo? Wengine wanataka miti wanayolala popo ikatwe kabla ya vuo. Hofu hiyo hatuidharau, lakini shauri lenyewe twaona halifai.

Ni kweli kwamba popo hubeba virusi vya namna nyingi, na aghlabu wenyewe hawaugui. Madhara huja pale virusi vinapovuka kwenda kwa mnyama mwingine au kwa binadamu. Huko Malaysia, mwaka 1998 na 1999, palikuwa na mabanda ya nguruwe yaliyojengwa karibu na miembe. Popo walikuja kula maembe usiku, masazo yakaanguka bandani, nguruwe wakayala wakapata maradhi ya Nipah. Nguruwe wakauzwa mashamba mengine, na maradhi yakaenda nao mpaka kwa watunzaji. Walikufa watu zaidi ya 100. Popo hawakumfuata mtu. Mtu ndiye aliyeweka mifugo mahali wanapolia popo.

Wanaotaka kuua nao wasikilize habari ya Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg. Baadaye popo wa mgodi ule wakauawa, watu wakadhani yamekwisha. Mwaka 2012 maradhi yakazuka tena upande wa Ibanda, si mbali na pale. Wataalamu waliporudi mgodini walikuta popo wachache wamerejea. Zamani, katika kila popo 100, wenye virusi walikuwa kama 5. Sasa walikuwa kama 13. Basi kuua kulileta faida gani?

Popo wetu wakubwa wa Pemba hulala juu ya miti, na hawapatikani penginepo duniani. Mwaka 1989 ilihofiwa kuwa wamebaki wachache mno. Kwa hifadhi ya wanavijiji kama wale wa Kidike, katika miaka ya 2000 walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Popo hawa hubeba mbegu za miti na kuzitawanya usiku bila ya kudai ujira. Ukiwapiga risasi watahamia mashamba mengine, na wa kwanza kushika damu yao ni huyo huyo aliyepiga.

Kwa hiyo Jumuiya yashauri haya. Majamvi ya kuanikia karafuu yasitandikwe chini ya miti wanayolala popo, na mitungi ya maji ya wachumaji ifunikwe. Mbuzi na ng'ombe wasifungwe hapo. Twajua kivuli cha mwembe ni kizuri wakati wa mchana, lakini hapana budi kutafuta kingine. Embe lililotafunwa litupwe lote, wala tusikate upande mzima tukampa mtoto. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mikono mitupu. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama litavimba.

Mambo haya hayana gharama ila taabu kidogo ya kuhamisha jamvi na kamba ya mbuzi. Katika mkutano ujao, atakayesimama kudai bunduki tutamsikiliza kwa heshima, lakini naye tutamwuliza: mbuzi wako umemfunga wapi?