Mkataba Ukifika Bungeni Umeshapikwa

Mfanyabiashara wa Kariakoo huuliza bei ya dola kila asubuhi. Ni nadra kuuliza kuna mkataba gani mezani Dodoma. Hapo hukosea hesabu, maana ushuru wa bidhaa na uendeshaji wa bandari hutegemea pia mikataba na nchi za nje. Serikali hujadiliana na kutia saini, Bunge huridhia.

Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Zingatieni maneno hayo ya mwisho. Anayekaa mezani kuandika masharti ni Serikali. Bunge huletewa chakula kilichoiva; kazi yake ni kula au kusukuma sahani.

Sahani iliwahi kusukumwa. Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya Septemba 2016. Novemba mwaka huo Bunge letu likaukataa. Lakini Serikali yenyewe ilikwisha kuonyesha mashaka, hivyo Bunge lilisukuma mlango uliokuwa wazi.

Kipimo halisi ni pale Serikali inapotaka jambo. Mkataba wa Tanzania na Dubai kuhusu bandari ulitiwa saini Oktoba 25, 2022. Bunge liliuridhia Juni 10, 2023, zaidi ya miezi saba baadaye, na wananchi walianza kuujadili kwa nguvu karibu na siku hiyo. Yaliyopaswa kuulizwa mapema yakaulizwa baada ya kura: mitaani, magazetini na Mahakama Kuu Mbeya, iliyotupa shauri hilo Agosti 2023. Mikataba ya uendeshaji ilisainiwa Oktoba. Kwa miezi hiyo yote mwenye kontena na mwenye mtaji mdogo walipanga biashara kwa fununu.

Hatusemi mkataba ulikuwa mbaya au mzuri. Tunasema utaratibu ni ghali. Serikali hujibu kwamba huwezi kujadiliana na mgeni huku karata zako zikionekana. Ni kweli. Lakini rasimu inaweza kupelekwa kwa kamati ya Bunge kwa faragha kabla ya saini, na ikishasainiwa ichapishwe mara moja, si kusubiri wiki ya kura. Mbunge apate muda wa kumuuliza wakala wa forodha, msafirishaji na mwenye duka kabla ya kusema ndiyo.

Soko linaweza kuvumilia habari mbaya. Lisichoweza ni habari ya ghafla. Msomaji, ukimwona mbunge wako, usimwombe barabara tu. Muulize ni mkataba gani unaofuata, na kama ameusoma.